Metali nzito udongoni: kwa nini mche hugeuka njano na kudumaa hata ukimwagiliwa

Kila msimu wa mvua miche ya miti hugawiwa katika makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Uganda na katika vijiji vya wenyeji vinavyoyazunguka: grevilea, musizi, mkaratusi, fenesi, avokado. Mingine hufa, na sababu za kawaida kila mtu anazijua: jua kali, mchwa, mbuzi wa jirani. Makala hii inaeleza sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni metali nzito zilizomo udongoni. Si tatizo la kila mahali. Lakini pale lilipo, kumwagilia zaidi hakusaidii, na kupanda mche mwingine kwenye shimo lile lile ni kupoteza mche wa pili.

Metali nzito ni jina la jumla la shaba, risasi, zinki, kadimiamu, kobalti, nikeli na nyingine za namna hiyo. Baadhi yake mti unazihitaji. Shaba na zinki ni kama chumvi kwenye mboga: bila hizo chakula hakikamiliki, zikizidi hakiliki. Risasi na kadimiamu hazina kazi yoyote inayojulikana ndani ya mti. Zote zina tabia moja inayozitofautisha na takataka nyingine: haziozi. Samadi huoza, majani huoza, hata mafuta yaliyomwagika gereji huvunjwa polepole na vijidudu vya udongo. Shaba iliyomwagwa mwaka 1960 bado ni shaba leo, na isipochukuliwa na maji au mmomonyoko iko pale pale.

Mfano wa karibu: Kilembe na Kasese

Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliingia Uganda kupitia mpaka wa Mpondwe, na mpaka huo uko katika wilaya ya Kasese. Ukitoka mpakani kwenda mji wa Kasese unapita chini ya milima ya Rwenzori, na katika bonde moja la milima hiyo ndipo ulipo mgodi wa shaba wa Kilembe. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba iliondoka kwa treni. Mawe yaliyosagwa na matope yaliyobaki baada ya shaba kutolewa, mamilioni ya tani, yalibaki bondeni kando ya mto Nyamwamba.

Kulikuwa na mabaki ya aina nyingine pia. Mawe ya Kilembe yana pairiti, madini yanayong'aa kama dhahabu, yenye chuma na salfa, na huku kwao yana kobalti ndani yake. Takriban tani milioni moja za pairiti zilirundikwa nje ya mji wa Kasese. Pairiti ikikutana na hewa na maji ya mvua hutoa asidi ya salfa, asidi ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Asidi hiyo huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya mawe na kuzipeleka bondeni pamoja na maji. Kwa miaka mingi maji hayo yalitiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na Ziwa George, na yalipopita yaliacha ukanda wa ardhi tupu ambao nyasi na miti vilikufa. Mwanaikolojia wa Uganda, Eric Edroma, aliandika juu ya uchafuzi huo wa shaba ndani ya hifadhi mwaka 1974, wakati mgodi ukiwa bado unafanya kazi. Baadaye, kuanzia mwaka 1999, kampuni ya kobalti ya Kasese ilisindika rundo lile la pairiti kwa kutumia bakteria wanaolivunja, hadi shughuli hiyo ilipofungwa katika miaka ya 2010.

Mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020. Mafuriko yale yalibomoa nyumba na madaraja, na kila mtu anakumbuka hilo. Jambo lililozungumzwa kidogo ni kwamba mto ulikula kingo zenye mabaki ya mgodi na kuyashusha chini, kwenye mashamba.

Kwa wasomaji wa Rwamwanja, ambao wako upande wa pili wa Ziwa George, ni vizuri kusema wazi: Nyamwamba haupiti kwenu, na hakuna sababu ya kudhani udongo wa shamba lako umechafuliwa na Kilembe. Mfano huu tunautumia kwa sababu unaonyesha wazi jinsi metali zinavyoua mimea, na kwa sababu metali zinaweza kufika kwenye makazi kwa njia nyingine. Tutazifikia njia hizo.

Tatizo huanzia kwenye mizizi

Mtu akiona majani yamegeuka njano huangalia majani. Lakini metali huingia kupitia mizizi, na shaba hasa hubaki kwa wingi huko huko kwenye mizizi. Ncha ya mzizi, pale inapokua, ndiyo laini kuliko sehemu zote. Shaba ikizidi, ncha huacha kurefuka. Inanenepa, inakuwa ya kahawia, na zile nywele nyembamba zinazonyonya maji hupungua. Mche wenye mizizi ya namna hiyo hauwezi kunyonya maji ya kutosha hata udongo ukiwa umelowa. Ndiyo maana mtu humwagilia asubuhi na jioni, na mchana majani bado yananyauka.

Mzizi ulioumia unashindwa pia kuchukua chakula cha madini. Mbaya zaidi, metali hizi hushindana na madini mazuri kwenye mlango mmoja. Shaba, zinki na kobalti zikijaa kwenye maji ya udongo, mche hupata shida kuchukua chuma na magnesiamu. Na bila vitu hivyo viwili jani haliwezi kufanya kazi yake.

Jani linavyozuiwa kupika

Wanafunzi wa sekondari wanaiita kazi hiyo usanisinuru. Jani huchukua hewa ya kaboni dioksidi kupitia matundu madogo sana, huchukua maji kutoka kwenye mizizi, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha mti, ndiyo ubao wake, ndiyo kuni za kesho. Kinachonasa mwanga ni klorofili, rangi ya kijani ya jani. Ukiifikiria kama jiko, klorofili ndiyo moto, na vimeng'enya ndivyo wapishi. Metali nzito huharibu vyote viwili.

Tuanze na moto. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu moja ya magnesiamu, na atomu hiyo ni ya lazima. Shaba, zinki, kadimiamu na hata risasi zinaweza kuing'oa na kukaa mahali pake. Klorofili iliyobadilishwa hivyo haiwezi tena kupitisha nguvu ya mwanga ipasavyo. Jani linaweza kubaki na ukijani kwa muda huku kazi yake imeshapungua. Watafiti wenye vifaa vya kupima mwanga unaorudishwa na klorofili hugundua udhaifu huo kabla jicho la mkulima halijaona chochote.

Chuma nacho kikipungua, mche hauwezi kutengeneza klorofili mpya. Chuma chenyewe si sehemu ya klorofili, lakini bila chuma haitengenezwi. Majani machanga ya juu yanatoka yakiwa njano au karibu meupe, na mishipa yake tu ndiyo inayobaki ya kijani. Dalili hiyo ni muhimu, tutairudia.

Wapishi nao wanaumia. Kimeng'enya kinachoshika kaboni dioksidi na kuanza safari ya kuigeuza sukari kinaitwa Rubisko, nacho kinahitaji magnesiamu ili kifanye kazi. Metali nyingine zikichukua nafasi hiyo, kazi inapungua au inasimama. Kadimiamu ina ubaya wake wa ziada: husababisha matundu ya jani kufunga. Matundu yakifunga, maji hayapotei, na hilo lingekuwa jema, lakini hewa ya kaboni dioksidi nayo haiingii. Jiko lina moto na halina unga.

Hapo ndipo madhara yanapojilimbikiza, kwa sababu jua haliachi kuwaka. Jani linaendelea kupokea mwanga ambao haliwezi kuutumia. Nguvu hiyo isiyo na kazi hugeukia oksijeni iliyomo ndani ya jani na kutengeneza kemikali kali zinazounguza ngozi nyembamba za seli. Shaba yenyewe huongeza kemikali hizo. Matokeo yake ni madoa ya kahawia na kingo za jani zilizokauka kama zimepitishwa motoni, hasa kwenye majani yanayopigwa na jua la mchana. Mche unakufa njaa katikati ya mwanga mwingi.

Kwa nini mche na si mti mkubwa

Swali hili huulizwa mara nyingi, na ni swali zuri: mbona muembe mzee unasimama pale pale ambapo miche inakufa? Metali zinazoletwa na mafuriko, vumbi au moshi hukaa kwa wingi kwenye udongo wa juu, katika sentimeta chache za kwanza. Mizizi yote ya mche iko humo. Mti mkubwa umeshapeleka mizizi yake chini zaidi, na una akiba ya sukari kwenye shina na mizizi inayouvusha katika miezi mibaya. Mche una akiba ndogo iliyotoka kwenye mbegu, na ikiisha unategemea majani yake mawili matatu. Yakifeli hayo, hauna pa kukopa.

Kwa hiyo muembe mzee si ushahidi kwamba udongo ni mzuri. Unawezekana ulipandwa kabla uchafu haujafika.

Kutambua tatizo

Majani ya njano peke yake hayathibitishi metali. Ukosefu wa naitrojeni ndio unaosababisha njano mara nyingi zaidi, na unaanza kwenye majani ya zamani, ya chini. Njano inayotokana na metali huanza kwenye majani machanga ya juu, na mishipa hubaki ya kijani. Maji yakituama, mche hugeuka njano wote na mizizi hunuka uozo. Wekundu wa zambarau mara nyingi ni ukosefu wa fosforasi. Mchwa huacha alama zao wenyewe.

Ukishuku udongo, kuna jaribio ambalo kikundi cha kitalu au shule inaweza kulifanya bila fedha. Chukua makopo sita na uyatoboe chini. Jaza matatu udongo unaoushuku na matatu udongo wa mahali ambapo mimea inastawi. Panda mbegu tatu za maharage au mahindi kwenye kila kopo, siku moja, na uyaweke mahali pamoja, ukiyamwagilia maji sawa. Baada ya wiki mbili yapasue makopo ndani ya beseni la maji, uoshe mizizi taratibu na kuilinganisha. Mizizi yenye afya ni mirefu, myeupe, yenye matawi mengi. Ukiona upande mmoja mizizi ni mifupi, minene na ya kahawia katika makopo yote matatu, usitumie udongo huo kitaluni.

Jaribio hili lina mpaka wake, na ni mpaka wa hatari. Linafaa kwa shaba na kwa udongo wenye asidi. Kwa risasi halitoshi. Risasi haiyeyuki kirahisi, na maharage yanaweza kuota vizuri kabisa kwenye udongo wenye risasi ya kumdhuru mtoto. Kupima risasi kunahitaji maabara.

Kitaluni na shambani

Kosa linaloepukika kwa urahisi zaidi liko kwenye mchanga. Mchanganyiko wa kujaza viriba kwa kawaida ni udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga. Watu wa bonde la Nyamwamba wasichukue mchanga wa kitalu kwenye mto uliopita katika mabaki ya mgodi, wala kwenye marundo ya mabaki yenyewe, hata kama ni laini na umechekechwa tayari na maji. Popote pale, mchanga wenye rangi ya kutu au wenye chembe zinazong'aa kama dhahabu ni wa kushukiwa.

Kama ardhi yenyewe ndiyo iliyochafuliwa na huna nyingine, kuna mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kupunguza asidi. Udongo ukiwa na asidi kali, shaba na zinki huyeyuka na kuingia kwenye mizizi. Asidi ikipungua hadi karibu na pH 6, sehemu kubwa ya shaba hujifunga kwenye udongo na mche hauwezi kuinyonya. Chokaa ya kilimo ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kiasi kiulizwe kwa afisa kilimo, kwa sababu chokaa ikizidi nayo huleta njano. Majivu ya kuni safi husaidia kidogo. La pili ni mboji nyingi. Mboji hushika shaba na risasi kwa nguvu, huhifadhi maji, na huwapa chakula vijidudu na kuvu rafiki wa mizizi. Kwa maoni yetu mboji ndiyo ya kuanza nayo, maana haihitaji duka.

Hatua hizi haziondoi metali. Zinaifunga tu. Mboji inaoza na asidi inarudi, hivyo kazi hiyo hurudiwa.

Wasomaji waliotoka Katanga watakuwa wameona jambo hili kwa ukubwa wake. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na upepo ulipeleka moshi wake upande wa kaskazini magharibi mwa mji, kwenye mtaa wa Penga Penga na kwingineko. Msitu wa miombo ulitoweka huko na udongo ukabaki wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda miti pale kwa kuchimba mashimo makubwa na kuyajaza udongo uliochanganywa na mboji na chokaa. Baadhi ya aina ziliishi kwa miaka, nyingine zilikufa. Ugumu uko wazi: mzizi ukitoka nje ya shimo lake unakutana na udongo wa zamani. Ndiyo maana huko wametumia pia nyasi za asili zinazovumilia shaba, ili kwanza udongo ufunikwe na vumbi lipungue. Katanga ina mimea kadhaa iliyozoea shaba kwa asili. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, umepewa jina la ua la shaba, na wachimbaji walikuwa wakiutumia kama alama ya mahali penye madini. Miti yetu ya kitaluni haina uzoefu huo.

Betri, majivu na chakula

Ndani ya makazi chanzo cha kuogopwa zaidi kuliko mgodi ni betri. Betri za gari na nyingi za sola zina sahani za risasi na maji ya asidi. Fundi akiivunja ili kupata risasi, au mtu akimwaga maji yake nyuma ya nyumba, pale pale panakuwa na vile vitu viwili vinavyoua mche Kasese: metali na asidi. Tofauti ni kwamba watoto hucheza hapo. Risasi huharibu ukuaji wa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Betri iliyokufa isifunguliwe, isizikwe, isichomwe. Iwekwe nzima, isimame wima mahali pasiponyeshewa, hadi irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa shirika linalosimamia taka katika makazi yenu. Kuyeyusha risasi kwenye jiko la nyumbani ili kutengeneza vizito vya nyavu ni hatari kubwa kwa kila anayevuta moshi ule.

Mahali palipovunjiwa betri pasilimwe mboga. Lengalenga, au mchicha kama wengine wanavyouita, pamoja na sombe na mboga nyingine za majani, hupokea vumbi lenye risasi kwenye majani yake, na kadimiamu hupanda kirahisi kutoka mizizini hadi kwenye jani. Mahali hapo panafaa zaidi kufunikwa kwa nyasi au miti isiyoliwa, ili vumbi lisiruke. Miti ikikubali kuota hapo, isichukuliwe kuwa dalili kwamba udongo umepona. Risasi hubaki zaidi kwenye mizizi na mti unaweza kuwa wa kijani kabisa.

Majivu nayo yaangaliwe yanakotoka. Ya kuni safi yanafaa bustanini. Ya takataka zilizochomwa, zenye betri ndogo, nyaya na mbao zilizopakwa rangi, hayafai, na ya miti iliyokatwa kwenye ardhi iliyochafuliwa yasipelekwe kwenye mboga pia, maana moto huondoa ubao na kuacha metali yote kwenye kiganja kimoja cha majivu.